Kamanda na jiwe la skauti lililokosa jina

Jumamosi asubuhi, kabla jua halijaanza kuuma, skauti wamejipanga mistari mitatu nje ya jengo refu la matofali. Skafu zimekaa shingoni, mikono imebana mapajani. Mbele yao mwanamke mwenye vidoadoa vya kuungua mikono yote miwili anautazama mlango wa chuma uliofungwa, kama mtu anayemtazama jirani aliyemkosea zaidi ya mara moja.

"Ufunguo anao nani leo?" anauliza.

"Mtunza viti, Kamanda. Amekwenda harusini."

"Na viti navyo vimekwenda harusini?"

"Hapana, Kamanda. Vimo ndani."

Anafumba macho, anavuta pumzi ndefu, kisha anageuka. "Haya. Machela tutajifunza hapa hapa vumbini. Mgonjwa alale chini. Na mgonjwa akicheka, bandeji ya kwanza naifunga mdomoni."

Mgonjwa, msichana wa darasa la sita, anaangua kicheko hata kabla hajaguswa.

Hivyo ndivyo Jumamosi nyingi zinavyoanza kwa mama huyu ambaye kijiji kizima, pamoja na mumewe, kinamwita Kamanda. Siku nyingine za wiki anachomelea mageti, madirisha na vitanda vya chuma katika karakana yake iliyo mkabala na mashine ya kusaga. Mlango unaomshinda kila Jumamosi aliutengeneza yeye mwenyewe.

"Naweza kuukata wakati wewe unapuliza chai yako ipoe," anasema huku akiondoa vumbi magotini. "Lakini watoto hawa nimewaambia skauti haingii pasipo ruhusa. Nikiukata leo mimi, kesho wataukata wao. Basi nasimama nje kama mwizi aliyeghairi."

Viti anavyovizungumzia ni viti vya plastiki vya kijiji, vinavyokodishwa kwa misiba na sherehe. Miaka kadhaa iliyopita, paa la ofisi ya kijiji lilipovuja, viliombewa hifadhi katika ukumbi wa skauti. Paa lilizibwa msimu uleule. Viti havikuondoka.

"Kwa muda," Kamanda anasema, akilitafuna neno hilo. "Waliniambia ni kwa muda. Nimezeeka ndani ya huo muda."

Lakini mwaka huu viti si kero kubwa kuliko zote. Kikundi kinatimiza nusu karne, na kijiji kimeamua kusimamisha jiwe la ukumbusho mbele ya ukumbi. Mwenyekiti wa kijiji aliandaa maneno ya kuchongwa, na maneno hayo yalisema kwamba kikundi kilianzishwa na marehemu baba yake.

Habari zilipovuja, kila mtu akaamka mwanzilishi. Muuza nyama alikumbuka kwamba filimbi ya kwanza ilitoka dukani kwake. Dereva mstaafu wa lori alidai ndiye aliyewafundisha vijana gwaride. Mtu mmoja, ambaye kwa hesabu za haraka alikuwa bado ananyonya wakati huo, alisema alishika bendera.

"Kama wote wanaosema walikuwa skauti wangekuwa skauti kweli, hiki kingekuwa si kijiji, ni kambi ya jeshi," anasema Kamanda. "Sasa waulize hao hao, nani atakuja Jumamosi kunisaidia. Wote miguu inauma!"

Yeye anavyoijua historia ni hivi. Aliyeanza alikuwa mhudumu kijana wa zahanati, ambaye leo ni mzee na anaitwa Mzee Plasta. Wakati ule wavulana wa kijiji walikuwa na mchezo wa kudandia malori yaliyoingia kwenye ghala la mfanyabiashara mkubwa, baba wa Mwenyekiti wa sasa, ili wachote sukari iliyomwagika. Walianguka, wakapasuka, wakapelekwa zahanati.

Mhudumu alichoka kushona vichwa vilevile. Akawaita siku ya Jumamosi na kuwaambia kwamba kuanzia siku hiyo watajifunza kufungana bandeji wao kwa wao. Alikuwa skauti alipokuwa shule, basi akaongeza mafundo ya kamba, ahadi na wimbo. Watoto waliokuja kwa bandeji wakabaki kwa ajili ya wimbo.

Kamanda alikuwa msichana mdogo aliyekuja akimfuata kaka yake. Wasichana hawakuandikishwa, lakini kikundi kilihitaji mgonjwa wa kufanyia mazoezi, na hakuna mvulana aliyekubali kulala chini akifungwa kama furushi.

"Basi nikawa mgonjwa wao," anakumbuka. "Nimevunjika mguu, nimeungua, nimezama, nimeng'atwa na nyoka. Kila Jumamosi! Wao walikuwa wanabadilishana zamu, mimi nipo tu. Mwishowe nikawa najua bandeji zote, maana zote zilipita mwilini mwangu."

Kisha ghala likaungua. Ilikuwa mchana wa kiangazi, upepo ukivuma, na watu wazima wakawa wanakimbia huku na huko wakipigiana kelele. Mhudumu alipuliza filimbi. Wavulana walijipanga kutoka kisimani hadi ghalani wakapokezana ndoo, na dada wa mmoja wao akajipenyeza katikati ya mstari bila kuomba ruhusa.

Mlinzi wa ghala alitolewa ndani akiwa amezimia kwa moshi. Machela haikuwepo. Palikuwa na miti miwili na magunia, na wavulana walinyang'anyana kamba huku mafundo yao yakifunguka. Aliyeyafunga ni yule mgonjwa wa kila Jumamosi.

Mlinzi alipona. Jumamosi iliyofuata mhudumu alivua skafu yake mwenyewe akamvisha msichana yule mbele ya wote.

Na yule mfanyabiashara, ambaye siku zote aliwaita wahuni, alitoa jengo la pembeni ambalo moto haukulifikia, liwe lao. Kwa Kamanda, hapo ndipo sifa za mtu huyo zinapoanzia na kuishia.

"Alitupa jengo baada ya sisi kuliokoa," anasema. "Kabla ya hapo alitutukana mpaka akaishiwa matusi. Leo nisome kwenye jiwe kwamba ndiye aliyetuanzisha? Thubutu!"

Kwa hiyo siku Mwenyekiti alipomwita ofisini aridhie maneno yale, walishindana hadi wapita njia wakasimama dirishani. Mwenyekiti, mtu mpole wa sauti lakini mgumu wa shingo, alimwekea jambo mezani waziwazi. "Kamanda, hili ni jambo dogo. Wewe kubali jiwe, mimi natoa viti."

Kamanda alitoka bila kuaga. Alijua maana ya kukataa. Mvua zingeanza karibuni, na skauti wasio na ukumbi huanza kupungua mmoja mmoja mpaka abaki kiongozi na filimbi yake. Kikundi kilishawahi kufa namna hiyo, Mzee Plasta alipohamishiwa zahanati ya mbali na vijana wakubwa kutawanyika kutafuta kazi. Ni Kamanda aliyekifufua, akianza na watoto wake wa kuzaa kwa sababu wao hawakuwa na pa kukimbilia.

"Nilioa mke mmoja, nikaletewa na kikosi," anasema mumewe, fundi wa pikipiki, bila kuinua macho kutoka kwenye injini aliyoifumua.

Siku moja baada ya ugomvi ule wa ofisini, Kamanda alikwenda kwa Mzee Plasta kutafuta silaha. Mzee huyo, aliyerudi kijijini baada ya kustaafu, anaishi na mjukuu wake. Macho yamefifia na sikio moja limegoma, na siku hiyo alikuwa barazani, redio imeegemezwa kwenye sikio zima.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Nani huyo?"

"Mimi. Mgonjwa wako."

"Aa! Kaa. Leo umevunjika wapi?"

Kamanda alimweleza habari ya jiwe mwanzo hadi mwisho, akipandisha sauti kila lilipotajwa jina la Mwenyekiti. Kisha akamuuliza kama yule bwana wa ghala aliwahi kuwafanyia lolote zaidi ya jengo. Mzee alizima redio. Alisikiliza, kisha akauliza swali moja.

"Zile skafu zenu, zilikuwa zinatoka wapi?"

"Si ulikuwa unatununulia wewe?"

"Kwa mshahara upi?" Mzee alicheka mpaka akakohoa. "Mhudumu wa zahanati avishe watoto wote wale? Tangu moto ule, kila mwaka jora la kitambaa lilikuwa linakuja nyumbani kwangu kutoka dukani kwa yule bwana wa ghala. Na daftari za shule za wale wasio na baba. Sharti lake lilikuwa moja tu, nisimwambie mtu."

Kamanda alisimama, akakaa, akasimama tena. "Yule aliyetuita wahuni?"

"Huyo huyo. Aliona haya. Alikuwa amewatukana mbele ya kijiji kizima. Angeanzia wapi kuwasifu?"

"Mzee, mimi nimekuja unisaidie kupigana."

"Nimekusaidia. Sasa kapigane ukijua unachokipigania."

"Miaka yote hii! Si ungeniambia kabla sijagombana na mwanawe hadharani?"

"Huwa unakuja hapa kuniambia," mzee alijibu kwa upole. "Leo ndiyo mara ya kwanza umekuja kuniuliza."

Kamanda alirudi moja kwa moja kazini. Alipofika karakana aliwasha mashine, akachomelea kipande cha geti, akakitazama, akakikata tena kwa sababu alikuwa amekigeuza juu chini. "Kumchukia mtu kwa nusu ni kazi ngumu," anasema. "Nilikuwa nimeshamzoea mzima mzima."

Mkutano wa kamati ya jiwe ulijaa kuliko kawaida, maana watu walitarajia vita. Kamanda alisimama akasimulia yote. Hakuyapunguza matusi ya yule mfanyabiashara, hata lile la siku ya moto, alipowafokea kwanza waondoke wasimwibie. Kisha akasimulia majora ya kitambaa. Alikiri kwamba skafu alizovaa yeye baada ya ile ya kwanza, akidhani ni zawadi ya mtu mmoja, zilikuwa zimetoka kwa mwingine.

"Hakutuanzisha," alimaliza. "Mzee Plasta ndiye aliyetuanzisha. Lakini alitusaidia, na alijificha. Ukweli ndio huo, na mimi umeniudhi kuliko mtu yeyote humu ndani."

Mwenyekiti alikuwa ameinamisha kichwa. Alipozungumza, sauti ilikuwa ya mtoto wa mtu, si ya kiongozi.

"Baba hakuwahi kutuambia," alisema. "Nyumbani habari ya moto ilikuwa haitajwi. Watu wanapomkumbuka, wanakumbuka ukali wake tu. Hata msibani nilisikia wakinong'ona. Nilitaka aandikwe mahali kwa jambo jema. Sikujua kama lipo, nikatunga."

Muuza nyama akadakia. "Basi na ile filimbi yangu itaandikwa wapi?"

Hapo mkutano ukalipuka. Waliosema jina la mhudumu litangulie walibishana na waliotaka marehemu atangulie kwa kuwa ni marehemu. Dereva mstaafu alisimama juu ya benchi. Kamanda, aliyeingia akiwa ameapa kutulia, alipiga meza kwa kiganja.

"Basi msiandike mtu!"

Ajabu ni kwamba Mwenyekiti ndiye aliyeunga mkono kwanza. Jiwe lilisimamishwa bila jina la mtu. Limechongwa kwamba ukumbi ni wa skauti wa kijiji, na kwamba ulitolewa baada ya moto uliozimwa na watoto. Mzee Plasta alipopelekewa taarifa alisema afadhali, kwa sababu jina lake huwa wanalikosea herufi.

Viti navyo viliondoka, kwa namna ya kijiji hiki. Nusu vilitoka siku iliyofuata mkutano, na Mwenyekiti mwenyewe alivibeba kichwani. Nusu nyingine bado ipo, imepangwa ukutani, kwa sababu chumba kilichotengwa kiligundulika kina mchwa.

"Usiniulize," Kamanda anasema, akiinua mkono kabla swali halijaulizwa. "Wewe usiniulize kabisa."

Hivi sasa anaandaa kambi ya likizo, ya kwanza baada ya miaka mingi. Nondo zilizobaki kwenye mageti ya watu anazigeuza kuwa majiko ya kupikia nje. Muuguzi wa zahanati na mwalimu mmoja wa shule ya msingi, wote wawili watoto wa kikundi hiki, wamekubali kushika Jumamosi mbili za kila mwezi, na amewaambia kwamba asiyetokea atamfuata mpaka kazini.

Anachokitaka kinatokana na ajali iliyotokea karibu na karakana yake msimu uliopita. Pikipiki ilimgonga mama mmoja, watu wakajaa, simu zikanyanyuliwa kupiga picha, na wanaume wawili wakawa wanamvuta kwa mikono kumpandisha garini. Kamanda alikimbia akiwa bado na miwani yake ya kuchomelea, akiwafokea wamwache. Yule mama anatembea leo, ila kwa mkongojo.

"Nataka kila uchochoro uwe na mtoto mmoja anayejua la kufanya," anasema, akichagua nondo iliyonyooka. "Mmoja tu. Mtu akianguka, asimame mtoto wa jirani aseme, 'Msimguse, leteni ubao.' Na wakubwa wamsikilize. Hiyo ya kuwasikilizisha wakubwa ndiyo sijajua nitaifundisha vipi."

Anashusha miwani, anawasha mashine.