Vipimo Vikae kwa Nani

Siku yangu ya kwanza kazini, mwanzoni mwa miaka ya themanini, Fundi Mkuu alinikabidhi donge la uzi mweupe badala ya futi kamba. Nilidhani ananitania. Alikuwa na duka la ushonaji Shella, Malindi, na jingine Kilifi, na wateja walishonesha popote walipojikuta. Vipimo vikiwekwa Malindi, Kilifi hawana habari navyo. Vikikaa kichwani mwa fundi, fundi akihama amehama navyo. Kwa hiyo kila mteja alipimwa kwa uzi: fundo la kwanza bega, la pili kifua, la tatu kiuno, la mwisho urefu. Kisha akaenda na uzi wake nyumbani.

"Mteja ajibebee vipimo vyake," alisema Fundi Mkuu. "Sisi tushone tusahau."

Nilimuuliza tutajuaje uzi ni wa nani, maana nyuzi zote ni nyeupe. Akanijibu kwamba anayeuleta ndiye mwenyewe. Nikaitikia, ingawa sikuelewa.

Baadaye nilihamishiwa Kilifi. Msimamizi wa tawi alitaka nyuzi zitundikwe dukani, kila moja na jina lake. Fundi Mkuu akakataa, kwani Malindi wangeshonea nini? Wote wawili niliwaona wana haki, na hilo ndilo lililonichanganya.

Ndipo akaja Bi Zuhura na kitambaa cheupe, na uzi aliouhifadhi ndani ya leso. Binti yake, Salama, alikuwa akiolewa Ijumaa. Nilishona kwa kufuata kila fundo. Alhamisi asubuhi Salama alilijaribu gauni, likakwama mabegani. Akalia, nami nikajua kazi sina tena.

Fundi Mkuu alikuja akiwa amefura. Akalipima gauni kwa uzi ule, fundo kwa fundo. Lilikuwa sawasawa. Kisha akayatazama mafundo yenyewe kwa muda.

"Bi Zuhura, hivi ndivyo nilivyokuwa nikifunga ujanani. Uzi huu ni wa nani?"

"Wangu, Fundi. Ulinipima nilipokuwa mwari. Babangu akaugua, ndoa ikafungwa haraka, gauni halikushonwa. Nikadhani mwanangu ana mwili wangu."

Bi Zuhura alilishika gauni kifuani pake. Yeye pia halikumwenea tena.

Tulifumua ubavuni na mabegani, tukatia vipande vya kitambaa kilichobaki, na Salama akaolewa nalo.

Sasa nimestaafu. Mjukuu wangu, anayetengeneza tovuti, ameniuliza jambo lile lile: seva yao, yaani kompyuta inayoihudumia tovuti, humsahau mteja kila anaporudi, basi taarifa zake zikae kwenye seva, kwenye simu yake, au katika ghala moja la seva zote? Nilimwambia sijui. Sisi tulimwachia mteja, naye akatuletea msichana ambaye hayupo tena.

Siku ile ya gauni, Fundi Mkuu alitaka kuukata uzi ule usije ukatukoroga tena. Mkasi ulikuwa tayari mkononi. Bi Zuhura akamshika mkono.

"Niachie, Fundi. Nani mwingine anayemkumbuka mwari yule?"