Arlys Gunderson Achukua Usukani

Norbert Gunderson alikuwa fundi hodari na dereva mbovu, na yeye mwenyewe ndiye alikuwa wa kwanza kukiri. Gari lake la mashindano, namba 38, alilijenga kwa mikono yake kutoka kwenye bodi ya gari kuukuu la familia, na injini yake ilikuwa inaimba. Lakini kila Jumapili alasiri alilifikisha la mwisho, au hakulifikisha kabisa. Mimi wakati huo nilikuwa nauza soseji za kuchoma kwenye kibanda kilichokuwa karibu na kona ya nne ya uwanja wetu hapa Tamarack Bend, Wisconsin. Watu wakiniuliza, "Norb yuko wapi leo?" nilikuwa nawaonyesha majani nje ya njia kwa ile koleo yangu ya kugeuzia soseji.

Mkewe Arlys alikuwa binti wa muuza mbegu kutoka ng'ambo ya mto. Aliolewa akiwa na miaka ishirini na moja, akahamia kwa kina Norbert, akawa anakamua ng'ombe sitini asubuhi na jioni pamoja na mama mkwe wake, Hedwig. Huyu Hedwig alikuwa mjane mrefu, mkavu, mtu wa kanisani, ambaye neno lake moja lilitosha wiki nzima. Shamba lake lilipakana na uwanja wa mbio, na watazamaji walikuwa wanaegesha magari kwenye konde lake. Marehemu mumewe ndiye aliyetoa ruhusa hiyo zamani, kwa mdomo tu, naye Hedwig akaiacha iendelee. Ila yeye mwenyewe hakuwahi kuingia uwanjani hata siku moja. Kwake, mtu mzima kuzunguka robo maili ya lami mara hamsini na kurudi palepale alipoanzia ilikuwa dalili ya ugonjwa.

Siku hizo wanawake waliruhusiwa kushindana mara moja tu kwa mwaka, mwezi wa saba. Mizunguko kumi, kwa magari ya waume zao, na wanaume wakikaa kwenye mabenchi wakicheka hadi bia ziwamwagikie. Mwaka 1971 Arlys aliingia kwa sababu Norbert alimbembeleza. Alikuwa na miaka ishirini na mitatu, na mtoto wa kike wa mwaka mmoja ambaye siku hiyo alikuwa amelala kwenye kikapu nyuma ya kibanda changu.

Bendera ya kijani ilipoteremka, wanaume walicheka kwa mizunguko miwili. Mzunguko wa tatu wakanyamaza. Arlys alikuwa anaingia kwenye kona taratibu kuliko wenzake, analiacha gari lijipinde lenyewe, halafu anakanyaga mafuta mapema kabla mtu mwingine hajanyoosha usukani. Alimaliza mbele kwa karibu mzunguko mzima. Mtunza saa akatazama karatasi yake, akaitazama tena, kisha akamwita Norbert pembeni. Mke wake alikuwa amezunguka kwa muda mfupi kuliko yeye alivyowahi kuzunguka katika misimu minne.

Jioni ile mezani, wakila viazi na nyama ya nguruwe, Norbert aliweka uma chini.

"Mama, mimi nimeacha mbio."

"Ashukuriwe Mungu," Hedwig akasema.

"Gari sasa ni la Arlys."

Hedwig alimmegea mjukuu wake kiazi. Arlys aliniambia baadaye kwamba Norbert usiku huo alilala kama mtu aliyetuliwa gunia la ngano mgongoni.

Taabu ikawa kwa mwenye uwanja, Clifford Stroik. Hakuwa mtu mbaya, alikuwa mwoga wa maneno ya watu. Arlys na Norbert walipofika Jumapili iliyofuata na gari kwenye trela, aliwazuia pale lango la mafundi, wanakoingilia madereva na magari yao.

"Arlys, mbio za akina mama zimeshapita. Njoo mwakani."

"Sikuja kwa mbio za akina mama."

"Kanuni inasema mwanamke haingii humu ndani. Mimi nifanyeje?"

"Kanuni aliandika nani?"

"Mimi."

"Basi kalamu unayo," Arlys akasema. Lakini Stroik alitikisa kichwa, na wale vijana wa lango wakaanza kuchekelea, ikabidi wageuze trela warudi nyumbani.

Yaliyotokea siku ya Alhamisi nilisimuliwa na Stroik mwenyewe, na alikuwa anasimulia huku akijicheka. Alikuwa anapaka rangi ukuta wa kona ya pili akamwona Hedwig anakuja kwa miguu, na mabuti yake ya bandani, anapita getini kwa mara ya kwanza katika maisha yake.

"Clifford."

"Bibi Gunderson! Karibu. Leo umetukumbuka."

"Sikai. Nimekuja kukuarifu kwamba Jumapili nitawafungulia ng'ombe wangu lile konde. Majani yamekua mazuri."

Stroik akaweka brashi chini. "Jumapili? Lakini watu wataegesha wapi?"

"Sijui. Labda kwenye kanuni yako."

"Bibi Gunderson, nilidhani wewe hupendi haya mambo ya magari."

"Siyapendi hata kidogo," Hedwig akasema. "Lakini siku ile ya mbio za akina mama nilikuwa kule kwenye ua nikimfukuza mtamba aliyetoroka, nikamwona mkwe wangu anashuka kwenye lile gari. Anacheka. Miaka miwili yuko nyumbani kwangu, anaamka saa kumi na moja, hajawahi kunijibu vibaya, na sikuwahi kumwona akicheka namna ile. Sasa, ng'ombe niwafungulie au nisiwafungulie?"

Jumapili hiyo Arlys aliingia kwa lango la mafundi kama madereva wengine wote. Hakujua kwa nini. Hedwig hakumwambia, na Stroik aliona aibu kusema. Alikuja kujua baada ya miaka minane.

Msije mkadhani alianza kushinda siku hiyohiyo. Kuwashinda wanawake kumi waliozoea kuendesha kwenda sokoni ni jambo moja, na Gaylord Pelkey ni jambo jingine. Gaylord alikuwa bingwa wetu, dereva wa lori la magogo, mtu mwenye kifua kama pipa, aliyesoma darasa moja na Norbert. Kila Jumapili alimkuta Arlys kwenye kona ya tatu na kumsukuma kwa bampa mpaka ukutani. Halafu anapita kwenye kibanda changu, soseji mbili mkononi, anapaza sauti:

"Shemeji! Leo ulikuwa unatafuta nini kule ukutani? Umepoteza hereni?"

Arlys alikuwa anafuta jasho tu. Ila jioni alikuwa anakaa na Norbert gerejini wakilichunguza gari. Norbert aliyeshindwa kuliendesha alijua kila lilichokuwa linasema. "Sikiliza," alikuwa anamwambia, "anakugonga kwa sababu unamwachia upande wa ndani. Funga mlango." Arlys akajifunza kufunga mlango. Msimu wa pili akawa wa nane, wa sita, wa tano. Msimu wa tatu, mizunguko minne kabla ya mwisho, alikuwa nyuma ya Gaylord pua kwa mkia. Wakaingia kona ya tatu, Arlys akamgusa kidogo tu, kwenye ncha ya bampa. Gaylord akateleza hadi kwenye majani, Arlys akapita, bendera ya drafti ya kumaliza mbio ikampungia yeye.

Nilijua kutakuwa na vita, nikaacha soseji ziungue. Gaylord alikuja mbio, helmeti mkononi, uso umeiva.

"Umenigonga!"

"Ndiyo."

"Makusudi!"

"Gaylord, wewe umenisalimia misimu mitatu," Arlys akasema. "Leo nimeitikia."

Gaylord akaanza kucheka, cheko la kutoka tumboni, mpaka akajishikilia kwenye gari. "Norb," akasema, "mke wako ni balaa." Kuanzia hapo waligombana uwanjani miaka kumi na minane, na sikusikia neno chafu kati yao.

Ajali ilikuja mwaka 1979, mwezi wa tano, siku yenye jua na upepo kidogo. Katikati ya mbio, springi ndogo inayorudisha pedali ya mafuta, kitu kisichozidi kidole, ilikatika. Arlys aliinua mguu, gari halikupungua. Liliingia ukutani kwa mwendo wake wote. Mlio ule sitaki kuueleza. Walimtoa kwa kukata paa, akiwa amevunjika nyonga, bega na mbavu tatu, na amezirai.

Alikaa hospitali wiki kumi na moja. Watoto walikuwa wawili sasa, na Hedwig alikuwa na miaka sabini na miwili. Asubuhi ya pili baada ya ajali, Hedwig alipofungua banda, alimkuta Gaylord Pelkey ameshakaa kwenye kigoda, ndoo kati ya magoti, anakamua. Alikuja kila alfajiri kabla ya kwenda kwenye magogo yake, hadi Arlys aliporudi. Stroik naye alikuja kukata majani ya akiba ya baridi. Wake wa madereva wakapangiana zamu za kupika, mpaka watoto wakawa hawajui jioni wale jiko la nani. Hedwig alipokwenda kumtazama mkwe wake, Arlys alimuuliza kama Gaylord anaiweza kazi.

"Anakamua kama anavyoendesha," Hedwig akasema. "Kwa pupa. Ng'ombe wamemzoea."

Na hapo kando ya kitanda ndipo Stroik, aliyekuja na maua yaliyonyauka, alipomtolea ile habari ya konde na ng'ombe. Arlys alimgeukia mama mkwe wake.

"Mama, mbona hukuniambia?"

"Ulikuwa na kazi ya kuendesha," Hedwig akajibu, akaanza kuikunja blanketi ambayo ilikuwa imeshakunjwa. Arlys alimshika mkono kwa ule wake uliokuwa mzima, wakakaa hivyo. Stroik aliona bora atoke nje.

Aliyeumia kuliko Arlys alikuwa Norbert. Springi ile aliifunga yeye. Alifungia zana zake kwenye sanduku, akalisukuma chini ya meza, na lile gari lililojikunja akalifunika turubai. Arlys aliporudi nyumbani na magongo, akamwambia anataka gari jipya kwa msimu ujao, Norbert alikataa.

"Nilikuwa karibu kukuua, Arlys. Mimi. Kwa mikono hii."

"Mikono hiyo imenirudisha nyumbani kila Jumapili kwa miaka minane," Arlys akasema. "Nilikuwa naingia kona ile bila kufikiria springi, bila kufikiria breki, kwa sababu ulizigusa wewe. Unajua ni wanawake wangapi wanamwamini mume namna hiyo? Wengine hawawaamini hata na ufunguo wa stoo."

Norbert alilia. Kisha akaenda kulivuta sanduku. Gari alilojenga majira yale ya baridi lilikuwa na springi mbili za pedali badala ya moja, na tangu hapo mafundi wote wa uwanja wetu wakafanya hivyo.

Arlys alirudi mwaka 1980 akichechemea kidogo, na bado anachechemea kukiwa na baridi. Alishindana misimu kumi na mitatu zaidi. Kwa jumla alishinda mbio arobaini na moja, na mwaka 1985 akawa bingwa wa mwaka, akimpita Gaylord kwa pointi mbili. Hedwig alikuwepo siku hiyo, amekaa mstari wa mbele na koti lake la kanisani, pamba masikioni. Alikula soseji yangu moja akasema ina chumvi. Miaka mitatu baadaye alifariki kwa amani, na waliolibeba jeneza lake walikuwa madereva sita, Gaylord mbele kabisa.

Arlys aliacha mbio mwenyewe, bila kuambiwa na mtu. Ilikuwa mwisho wa msimu wa 1992. Aliniambia kwamba mzunguko wa thelathini palitokea mwanya kati ya magari mawili, mwanya ambao zamani angejipenyeza bila kupepesa macho, na mguu wake ukaenda kwenye breki. "Mguu umesema," aliniambia, "na mimi si mbishi." Akamaliza wa saba, akaegesha, akazunguka uwanja mzima kwa miguu akimpa mkono kila mtu: wapeperusha bendera, mtunza saa, dereva wa gari la kuvuta, hata mama anayesafisha vyoo. Alimtaja kila mmoja kwa jina na kumwambia jambo analomshukuria. Ilichukua zaidi ya saa moja. Kwangu alishukuru kwa kikapu cha mtoto, ambacho mimi nilikuwa nimeshakisahau.

Sasa ana miaka sabini na saba. Baada ya mbio aliendesha basi la shule kwa miaka kumi na tisa, na wazazi wanasema hakuna basi lililokwenda polepole kama lile. Norbert goti limemchoka, lakini bado anatengeneza mashine za kukatia majani za mtaa mzima. Mwezi uliopita nilikwenda kwao kunywa kahawa, nikamuuliza Arlys kama hajawahi kutamani yale mashindano makubwa ya kusini, yale ya kwenye televisheni.

"Nimepata Jumapili karibu mia nne," akasema. "Na nyingi nazikumbuka mpaka hali ya hewa. Ningeomba nini tena?"

"Angeomba nyonga mpya," Norbert akasema kutoka jikoni.

"Hiyo naipata mwezi wa tisa," Arlys akajibu, akanisogezea sahani ya pai.