Bandeji ya Mchangia Damu

Hadi leo najivunia: damu aliyoongezewa mama mkwe wangu ilitoka kwangu. Sokoni Lushoto, kwenye baridi ile, nilivaa shati la mitumba la mikono mifupi ili bandeji ionekane. Kila ilipolegea, niliikaza. Kesho yake mkono ukavimba. Nesi alikuwa ameniambia kwamba mara chache sana damu huganda mshipani baada ya kuchangia, basi nikakimbilia wodini alikolazwa mama mkwe.

"Nesi, damu imeganda, nakufa!"

Aliifungua bandeji tu, vidole vikarudiwa na rangi.

"Baba, si nilikwambia uitoe jioni ileile?"

"Sasa watu wangejuaje?" nikaropoka.

Mama mkwe akajiinua kitandani. "Nesi, hayo maringo yanakaa kwenye damu? Maana mmenitia chupa nzima!"