Picha ya Watoto Wakisoma

Walimu wametuma picha kwenye grupu ya wazazi: binti yangu ameshika tableti, anatabasamu. Nikasikia tena harufu ya gundi ya vitabu vipya.

Nilipokuwa mtoto, shule yetu ilikuwa Molo, juu kwenye mashamba ya viazi. Siku wafadhili walipokuja, mwalimu mkuu alifungua sanduku la vitabu vya hadithi, akatugawia. "Shikeni vizuri. Mtabasamu mkipigwa picha."

Vidole vilikuwa vimekufa ganzi kwa baridi, lakini nikasoma. Katika hadithi, mbuzi alikuwa ameingia kanisani wakati wa sadaka. Nilipofunua ukurasa wa pili, rula ikanishukia vidoleni.

"Nani amekuambia ufungue huko? Unataka kuchafua kitabu cha watu?"

Kitabu cha watu. Na sisi tulikuwa nani?

Wageni walipoondoka, vitabu vyote vilirudi sandukuni, kufuli ikafungwa. Mwishowe panya ndio waliomaliza ile hadithi. Mimi mpaka leo sijui yule mbuzi alifukuzwa au aliombewa.

Jioni nikamuuliza binti yangu, "Ulisoma nini kwa hiyo tableti?"

"Haikuwa imewashwa, mami," akasema. "Nilikuwa najiona tu kwenye kioo chake."