Swali Lako ni Lipi, Muhonja?

Siku ninayoikumbuka kuliko nyingine zote za ujana wangu, mwanangu, ni ile niliyotoka katika ofisi ya barua pepe pale mjini Kakamega na karatasi mkononi, nimevimba kwa hasira, nikiapa kwamba watu wa mtandaoni hawana adabu. Karatasi yenyewe ilikuwa na sentensi moja tu: "Swali lako ni lipi?" Hakuna habari ya huko, hakuna asante kwa kutuandikia, hakuna lolote. Nilitembea mpaka stendi nikiongea peke yangu, na watu wakanipisha.

Ngoja nikueleze nilifikaje hapo, maana wewe umezaliwa ukakuta simu mkononi, na huenda ukadhani tulikuwa wajinga. Ilikuwa miaka ya tisini ikielekea ukingoni. Nilikuwa nimetoka kwetu Likuyani, kwenye mahindi, nikaja kusoma kompyuta katika chuo kimoja kidogo cha mjini, na nilikuwa nakaa Iguhu kwa shangazi yangu. Tulimwita Senge Rasoa. Senge kwetu ni dada ya baba. Alikuwa muuguzi, mwanamke mrefu wa sauti nzito, na akikuangalia vile alivyokuwa akimwangalia mgonjwa mwongo, unajikuta unakiri hata usiloulizwa.

Chuoni nilikuwa msichana wa pekee katika darasa la programu. Wasichana wengine wote walikuwa chumba cha pili wakijifunza kuchapa. Mwalimu wetu, Bwana Makokha, hakuwa mtu mbaya, ila alikuwa ameshaamua mahali pangu ni wapi. Alitupa zoezi: andika programu kwa lugha ya Pascal, ipokee alama za wanafunzi, itoe wastani wao. Akasema ambaye programu yake haitafanya kazi kufikia Ijumaa ya mwisho wa mwezi atahamia chumba cha kuchapa. Halafu akanigeukia mimi.

"Hata huko kuna kazi nzuri, Muhonja," akasema kwa upole, na ule upole uliniuma kuliko tusi.

Kuchapa si aibu, usinisikie vibaya. Lakini mimi nilikuwa nimeshaonja ile kazi ya kuiagiza mashine kitu ikakifanya. Siku ya kwanza nilipoifanya iandike jina langu kwenye skrini, nilicheka mpaka jirani yangu akaniuliza kama niko sawa. Singeondoka katika darasa lile kwa miguu yangu. Wangenibeba.

Tatizo ni kwamba programu yangu ilikuwa inasema uongo. Haikukataa kufanya kazi, la. Unaipa alama nzuri kabisa, inakutolea wastani wa darasa la wavivu. Nilisoma kitabu nikakirudia. Bwana Makokha ukimwuliza anakwambia, "Angalia vizuri." Wenzangu nao walikuwa wanasukumana na zao, kila mtu akigombania kompyuta, na hizo kompyuta zilikuwa chache.

Ndipo nikasikia habari za kundi moja la barua pepe la watu wanaojifunza programu, wako nchi mbalimbali, ukituma swali linawafikia wote na mwenye kujua anajibu. Mjini kulikuwa na ofisi moja iliyopakana na duka la vitambaa. Unampa dada wa pale barua yako kwenye disketi, anaituma laini ya simu ikikubali, na majibu yakija anakuchapia kwenye karatasi. Mvua ikinyesha laini inakufa, na unaijua mwenyewe mvua ya Kakamega ya mchana.

Sasa sikia nilivyoharibu. Niliandika kama nilivyolelewa. Kwetu huendi kwa mtu ukamwaga shida yako mlangoni. Unapiga hodi, unakaribishwa, unaulizwa ya nyumbani, nawe unauliza ya hapo. Mvua je? Ng'ombe je? Unaletewa obusuma, yaani ugali, na ukiwa na bahati ni kwa ingokho, kuku. Unakula, unanawa, unashukuru. Ni mpaka umesimama kuaga na mwenyeji anakusindikiza, ndipo unakohoa kidogo na kusema, "Sasa, ile kitu ilinileta..." Hata mtu akiwa amekuja kuazima jembe, na jembe lenyewe analiona limeegemea ukuta, halitaji mpaka hapo.

Basi nikawaandikia barua ndefu kwa Kiingereza changu cha shule. Nikawasalimu wote, wakubwa kwa wadogo. Nikawaeleza mimi ni nani na ni mtoto wa nani, natoka Likuyani, mahindi yetu yanaendelea vizuri. Nikaulizia hali zao na za familia zao. Mwisho nikasema nina shida kidogo na zoezi la Pascal, na nikisikia kwamba wao ni wazima nitaieleza. Haki ya Mungu, ndivyo nilivyoandika! Kisha nikangoja wanikaribishe.

Kimya. Siku zikapita, Ijumaa ile inasogea, kimya. Nikatuma barua nyingine. Nikawasalimu upya, nikaongeza kwamba natumaini hakuna msiba huko kwao, maana kunyamaza kwao kumenitia wasiwasi. Cheka tu, hata mimi leo nacheka. Ndipo ikaja ile karatasi ya sentensi moja, imetoka kwa mtu aliyetia sahihi kwa herufi D, nisijue kama ni mwanamume au mwanamke, mzee au kijana.

Nilimkuta Senge Rasoa nyuma ya nyumba akichambua mboga. Nilimweleza kisa chote nikitegemea aungane nami kuwalaani.

"Kwani huyo mtu amekukosea nini?" akauliza.

"Senge, hata salamu hakurudisha!"

"Na wewe ulimwambia nini inakusumbua?"

"Nilimwambia nina shida."

Aliweka sinia chini. "Wewe Muhonja! Pale hospitali watu wanakujanga hivyo hivyo. Mama anaingia, ananisalimia, ananiuliza watoto, ananipatia habari ya mazishi ya jirani. Naitika tu. Foleni imefika nje kwa jua. Nikimwuliza ni wapi panauma, anasema mwili wote. Mwili wote! Sasa nimpatie dawa ya nini? Ndio naanza: ni wapi hasa? Tangu lini? Ukikunja mguu inakuwa aje? Umemeza nini tayari? Unafikiri hapo ninamtusi?"

"Hapana, Senge."

"Basi huyo wako amekuuliza ile kitu muuguzi anauliza kwanza. Ni wewe umekataa kutoa mguu auone. Na hao watu hawako sebuleni kwako. Kila mmoja ako njiani na mzigo wake kichwani, amekugeukia, na wewe unamsimamisha hapo ukimwuliza ng'ombe. Hiyo ndiyo adabu?"

Hapo nikamwambia ukweli, kwamba naogopa. Nikiwaonyesha programu yenyewe, wote wataona vile sijui kitu.

"Wacha waone," akasema, akarudia mboga zake. "Mimi nadunganga watu wazima sindano matakoni kila siku, na hakuna hata mmoja nimewahi kumcheka."

Asubuhi yake nilikuwa wa kwanza chuoni. Niliandika barua nyingine. Salamu niliweka, maana siwezi kuishi bila salamu, ila mstari mmoja tu. Kisha nikasema nimeagizwa kufanya nini. Nikaiweka programu yangu yote, laini kwa laini. Nikasema nimeingiza alama zipi, nilitegemea jibu lipi, na limetoka lipi. Nikasema pia yale niliyokuwa nimejaribu yakashindikana. Mwanangu, niliona haya kama mtu anayevua nguo sokoni, lakini niliituma.

Jibu lilikuja kesho yake kabla ya mvua. D aliandika: "Salama. Ukiingiza mwanafunzi mmoja tu, jibu ni sahihi? Ukiingiza wawili je?" Basi, hakuna zaidi. Sitakudanganya, nilikuwa natamani programu nzima, iliyokamilika, niichape na nilale. Lakini safari hii sikuvimba. Nilikaza mwendo kurudi chuoni.

Nikaingiza mwanafunzi mmoja mwenye arobaini. Wastani, arobaini. Sawasawa. Nikaingiza wawili, mmoja arobaini na mwingine sitini. Mashine ikaniambia thelathini. Nikatoa kalamu nikaanza kuchora. Thelathini ni nusu ya sitini, sasa ile arobaini imekwenda wapi? Nikageuza, nikatanguliza sitini, nikamalizia na arobaini. Ikatoa ishirini. Alaa! Kumbe alama ya kwanza inapotea, inabaki ya mwisho peke yake!

Nikapitisha kidole kwenye skrini laini moja baada ya nyingine mpaka nikaiona. Nilikuwa nimeagiza jumla ianze na sifuri, vizuri kabisa, lakini agizo hilo nimelitia ndani ya ule mzunguko, yaani yale maagizo yanayorudiwa kila alama inapopokelewa. Ni kama unapima mahindi kwa gorogoro, na kila unapotaka kumimina gorogoro nyingine unalikung'uta gunia kwanza. Nikaipandisha ile laini ikae juu ya mzunguko. Nikajaribu tena. Hamsini! Nilipiga kelele darasa zima likageuka, na wala sikujali.

Ijumaa ilipofika Bwana Makokha alikuja akasimama nyuma yangu. Akaingiza alama zake mwenyewe, na jibu likatoka sahihi.

"Nani amekuandikia hii?"

"Niulize chochote, mwalimu."

Aliinama, akaichukua ile laini ya sifuri akairudisha ndani ya mzunguko, kumbe alilijua hilo kosa siku zote! "Nikiiweka hapa, nikiingiza themanini halafu sabini, itatoa nini?"

"Thelathini na tano," nikamjibu kabla hajagusa kitu.

Akajaribu. Ikatoa thelathini na tano. Akanyooka, akanitazama kwa muda, akasema, "Kaa hapo hapo," kisha akaenda kwenye kompyuta iliyofuata. Hakuna aliyepiga makofi.

Ulidhani hadithi imeisha? Bado. Nilimwandikia D kumshukuru, na kwa kuwa mimi mdomo wangu haunyamazi, nikamwuliza kwa nini alinizungusha na jibu analijua. Akanijibu hivi: "Sikulijua. Mimi ni mwanafunzi kama wewe. Nilikuuliza vile mwalimu wangu anavyotuuliza. Zoezi langu linafanana na lako, limenishinda, na ninalipeleka Jumatatu. Tafadhali nitumie lako lote."

Nilikaa kwenye benchi la ile ofisi nikiwa na disketi mkononi, programu yangu imo ndani, nzima. Wingu lilikuwa limeshafunga upande wa msitu wa Kakamega. Dada wa ofisi akaniuliza, "Nitume ama nisitume? Laini inakufa hii." Mtu amekufaa, amekuomba kitu unacho, unamnyima? Kwetu huyo ni mtu wa kunenwa vibaya. Na bado kitu ndani yangu kilikataa. Nilikumbuka ile kelele niliyopiga. Nikimtumia yangu, Jumatatu atavuka, na zoezi la pili litamkuta pale pale alipo, na kelele yake hataipiga. Nilimpenda D, ndiyo sababu sikutaka kumwibia hiyo.

Nikaandika haraka: "Yangu sikutumii. Nitumie yako sasa hivi, nakaa hapa naisoma mpaka wafunge." Dada akatuma, na ngurumo ikalia. Nilidhani basi. Lakini laini ilishika, ikashika mpaka ya kwake ikaja. Nilisoma programu yake pale kwenye benchi mvua ikipiga mabati hadi hatusikilizani. Yake haikuwa na ugonjwa wangu. Yake ilikuwa inaomba alama, inaomba tena, inaomba tena, haina mwisho. Nikamwandikia: "Ni laini ipi inayoiambia mashine kwamba wanafunzi wamekwisha?" Sikuongeza neno, ingawa vidole vilikuwa vinaniwasha. Laini ilikuwa imekufa; ilipofufuka jioni, barua ikaenda.

Jumanne nilipopita pale, dada alinikabidhi karatasi. D alikuwa ameandika: "Nimeiona! Nimeiona mwenyewe!"

Mwanangu, naona hayo makundi yenu ya simu. Mtu anatupa picha ya skrini imepinda, anaandika nisaidieni haraka, mwisho ni leo, na wa kwanza kumtumia kazi nzima anaitwa mkombozi. Mimi sikukatazi kuomba. Omba, omba mapema, omba bila haya. Lakini onyesha ni wapi panauma, useme na ulichokwisha kumeza. Ukirudishiwa swali usivimbe, nenda ukalijaribu. Na siku wewe ndiwe uliyeombwa, usimcheke mtu, na usimtupie kazi iliyokwisha ili akuondokee. Usiseme pia eti hujui vya kutosha. Soma chake, umwulize jambo moja analoweza kwenda kulijaribu mwenyewe. Tena, hasa kwa binti, na kwa kijana wa kiume pia, mtu akikuonyesha kiti kingine kwa sauti ya upole, kama moyo wako uko kwenye hiki, kaa hapo hapo ung'ang'ane nacho.

Mungu akulinde macho na mgongo kwa hiyo kazi ya kukaa. Akupe rafiki anayekupenda kiasi cha kukunyima jibu, na akupe wewe moyo wa kumfanyia mwenzako vivyo hivyo. Haya, nenda ukajaribu.