Niliigeuza kompyuta ya stationery ikawa yangu peke yangu, shemeji yangu akakosa chuo

Wakuu, mwangaluka. Ndivyo tunavyosalimiana asubuhi huku Usukumani.

Hili nimelikalia miezi kadhaa. Naliandika kama lilivyokuwa, na pale nilipokuwa mjinga nitasema nilikuwa mjinga.

Nina stationery ndogo hapa Bariadi mjini. Photocopy, kuchapa barua, kuwaombea watu vyuo na ajira mtandaoni. Kompyuta ni moja. Niliianza na mke wangu, Mama Limi, na kusema kweli yeye ndiye aliyekuwa anaiendesha. Anachapa haraka kuliko mimi, na wateja wengi walikuwa wanamuulizia yeye.

Basi mimi nikaingiwa na wazimu wa Linux, ule mfumo wa kompyuta unaowekwa badala ya Windows.

Kwa wasiojua: kuna kitu kinaitwa tiling window manager. Hakuna icon, hakuna start menu, hakuna alama ya X ya kufungia. Ukifungua programu mbili, kompyuta yenyewe inagawa kioo nusu kwa nusu. Kila kitu ni kibodi. Na unaweza kuiandikia script, yaani maagizo yako mwenyewe, ikafanya utakavyo wewe.

Nikaandika ya kwangu, wiki tatu nzima. Caps Lock nikaifanya kitufe kikuu. Herufi nikazipa kazi nilizotaka mimi. Nikaongeza script: browser ikifungwa tu, inafuta kila kitu, ili taarifa za mteja zisibaki. Mouse nikaichomoa, nikaitupia kwenye droo.

Nilitupia screenshot humu humu. Mlinisifia, nami kichwa kikavimba.

Mama Limi alipokaa siku ya kwanza alitazama kile kioo cheusi akasema, "Baba Limi, sasa mimi nifanyie wapi kazi?"

Nikamwambia atazoea. Nilimfundisha dakika mbili, akikosea nacheka, nampokonya kibodi. Akahamia kwenye mashine ya photocopy na hakuuliza tena. Na mimi, Mungu anisamehe, nilifurahia kuwa fundi pekee.

Sasa kuna mdogo wake, Kabula, yuko kwao Lalago. Alimaliza kidato cha nne, akafaulu sayansi, anataka uuguzi. Baba mkwe alishasema mbele ya wote: akipata chuo mwaka huu aende, asipopata, kuna watu wameshauliza habari zake na wana ng'ombe.

Nilimwambia Kabula kwa mdomo wangu, "Shemeji, hili niachie mimi."

Vyeti vyake nikavi-scan, akarudi navyo nyumbani. Kikabaki cheti cha kuzaliwa tu. Jina lilikuwa limekosewa, kinarekebishwa. Kikatoka siku ya mwisho kabisa ya maombi, na mwisho wenyewe ni saa kumi jioni.

Jioni ya kuamkia siku hiyo nilijaza fomu yote nikaiacha wazi, maana mfumo wa chuo haukuwa unahifadhi fomu nusu. Alfajiri nikapigiwa simu. Baba yangu mdogo amefariki kule Migato, tunazika leo.

Nikamwambia Mama Limi, "Kabula akifika, scan, ambatanisha, tuma. Dakika tano." Nikapanda pikipiki.

Misiba ya kwetu mnaijua. Kaburi tunachimba wenyewe, na aliyeshika jembe hashiki simu. Yangu ilikuwa kwenye koti, koti nimeliacha nyumbani kwa marehemu. Tulipomaliza kuzika nikaenda kulichukua, hata kunawa bado. Saa tisa na nusu. Missed calls kumi na saba.

Nikapiga. Mama Limi anahema. "Kabula yuko hapa tangu saa tano. Kioo cheusi, hakuna kitu. Fomu umeiweka wapi?"

Nikafungua mdomo nimuelekeze. Sikukumbuka.

Vidole vilikuwa vinajua, mdomo haujui. Nilisimama nyuma ya zizi la ng'ombe, udongo wa kaburi mikononi, nachezesha vidole hewani nione vinaenda wapi. Waombolezaji walinitazama wakadhani uchungu umenizidi.

Nikasema, Caps Lock na D. Akasema, "Nimeiona! Fomu hii hapa."

Nikasema, sasa Caps Lock na W, upate folda ya vyeti.

Nikasikia vitufe vikibonyezwa, halafu, "Ilikuwepo, Baba Limi. Sasa haipo."

W ndiyo niliyoipa kazi ya kufunga. Na script yangu ikafanya kazi vizuri sana, ikafuta kila kitu.

Mtandao wa simu ukakatika hapo hapo. Alikimbilia stationery ya jirani, lakini vyeti vilikuwa ndani ya mashine yetu, na vyenyewe viko Lalago. Nilipompata tena saa kumi ilishapita. Nyuma yake nilimsikia Kabula akiuliza, "Dada, haijaenda?" Inaniuma mpaka leo.

Nilikwenda Lalago kumuomba baba mkwe asubiri mwaka mmoja. Alinisikiliza hadi mwisho, akasema, "Wewe ulisema uachiwe. Tulikuachia."

Kompyuta nimeirudisha ya kawaida, icon na mouse. Mama Limi hajaikalia. Anatoa photocopy zake tu.

Juzi baba mkwe alileta karatasi iliyoandikwa kwa mkono, anataka ichapwe vizuri. Ni barua ya kukubali posa. Nilimpa Mama Limi, akairudisha mezani. Nikaichapa mwenyewe.

Kabula ndiye aliyekuja kuichukua. Aliisoma yote akiwa amesimama, akaikunja. "Asante shemeji," akasema. "Jina langu humu halijakosewa."

Ng'ombe wanakuja pamba ikishauzwa.

Wakuu, sisemi window manager ni mbaya. Kwenye laptop yako ya chumbani suka utakavyo. Ila kama kuna mtu mwingine anayeitegemea hiyo mashine, leo mkalishe hapo, wewe toka nje, mwambie afungue faili moja. Akishindwa, usicheke. Mimi nilicheka.

Karibuni mchangie. Hata wa kunitukana nitamsoma.