Dakika Nne za Mwanakhamis

Jumapili, 17 Novemba 2024. Manyunyu tangu alfajiri, upepo wa baridi, jua halikuonekana.

Saa nane mchana Mwanakhamis Khatib alipakua bokoboko kwenye sinia, akalifunika, akakaa kuwasubiri wageni watatu nyumbani kwake Bordesley Green. Ana miaka hamsini na mitatu, mzaliwa wa Unguja, na kwa miaka kumi na mmoja amekuwa akifanya usafi katika hospitali iliyo karibu na kwao. Wengi wanamjua kwa sauti. Ndiye anayetangaza misiba kwenye kundi la WhatsApp la wanawake wa Kizanzibari wa Birmingham, na sifa yake ilikuwa kwamba hakuna aliyewahi kumtangulia.

Sifa hiyo ndiyo iliyomponza. Miaka mitatu nyuma, alfajiri, shoga yake Saleha alimpigia simu akilia: mama yake amefariki Unguja. Akamwomba asimwambie mtu mpaka ampate kaka yake Amour, aliyekuwa kazini akiendesha basi, simu kaizima. Mwanakhamis alingoja dakika nne, kisha akatuma ujumbe wa sauti. Wanawake wakawaambia waume zao. Amour alipofika mwisho wa safari, Digbeth, aliwasha simu akakuta pole thelathini na saba, na hakuna hata moja iliyosema ni ya msiba wa nani.

Alipouliza, Mwanakhamis alijibu kwamba Saleha hakumwambia angoje. Saleha alikuwa amelia sana siku ile hata akaanza kujishuku mwenyewe, kama kweli alimwambia. Amour akaamini kosa ni la dada yake, na tangu hapo hawasemezani. Na sasa Saleha alikuwa asafiri Jumamosi kwenda kumsomea mama yao hitma, peke yake.

Aliyemtia moyo Mwanakhamis ni Rita, muuguzi wa wodi anayoisafisha, mzaliwa wa Hawaii. Wakinywa chai, Rita alimweleza desturi ya kwa bibi yake iitwayo hooponopono, yaani kuweka mambo sawa. Watu wa nyumba moja wakikosana huketi pamoja, wakaomba dua, mmoja akasimamia mazungumzo. Kila mtu hutaja sehemu yake mwenyewe, si ya mwenzake. Hasira zikipanda, wote hunyamaza kwa muda. Kosa likishasamehewa limefunguliwa kama fundo, halitajwi tena, na mwisho wanakula pamoja. Mwanakhamis alilifikiria hilo wiki nzima. Alimwambia Rita kwamba katika suluhu zote alizowahi kuhudhuria, kila mtu alikuja na kosa la mwenzake.

Kusimamia alimwomba Barwako, Msomali aliyekulia Nairobi, kwa kuwa hana undugu na yeyote kati yao. Saleha na Amour walipoingia walikaa pembe mbili za chumba. Barwako akaweka sufuria tupu katikati.

"Simu zote humu ndani. Hata wewe dereva, leo hakuna abiria."

Amour akatia yake, akauliza kama nazo zitapikwa. Barwako peke yake ndiye aliyecheka. Wakasoma Fatiha, kisha akampa Mwanakhamis nafasi.

Mwanakhamis hakuzunguka. "Amour, dada yako aliniambia ningoje. Nilimsikia vizuri. Sikungoja, kwa sababu nilitaka niwe wa kwanza. Uliponiuliza nikasema uongo. Saleha, nimekuacha ujishuku miaka mitatu, na mimi najua. Naombeni msamaha."

Saleha aliinuka, akauliza ni rafiki gani anayefanya hivyo, akaufuata mlango. Barwako akamwambia kwa upole kwamba hapa hatoki mtu, ila kunyamaza kunaruhusiwa. Wakanyamaza dakika kumi na mbili kwa saa ya ukutani. Saleha akarudi kukaa.

Amour ndiye aliyeanza tena. Alikiri kwamba alimhukumu dada yake bila kumsikiliza, na hata simu zake za Idi hakuzipokea. Saleha akakiri kwamba baada ya Idi ya kwanza aliacha kupiga, akaona afadhali amkose kuliko kuendelea kukataliwa. Kisha akamgeukia Mwanakhamis.

"Nimekusamehe, shoga. Lakini lile kundi utaliambia mwenyewe."

"Nitaliambia."

Amour alikuwa bado anamtazama dada yake.

"Ndege yako saa ngapi?"

"Saa nne usiku."

"Bado ina nafasi?"

Saleha alicheka na kulia kwa pamoja. Amour akainuka kwenda kwenye sufuria, Barwako akamzuia: chakula kwanza. Walikula wanne sinia moja, bokoboko limeshapoa, na hakikubaki kitu. Kabla ya magharibi Amour alikuwa na tiketi, na Saleha alikuwa anambishia ni nani atakayekaa dirishani.

Jumatatu asubuhi Mwanakhamis aliamka mapema, akarekodi ujumbe kwa wanawake mia moja na kumi na wawili, akalitaja kosa lake lote na kulisema ni lake, akautuma. Kisha akavaa viatu vya kazi, akaiacha simu mezani, akaenda hospitali kumpa Rita habari.